Achana na maik kwanza, anza na relei

Mtu akitaka kutengeneza taa ya kuiongelesha, swali la kwanza huwa ni maik gani anunue. Mimi namwambia hiyo weka pembeni, kwanza hakikisha taa inazimika na inabaki imezimika.

Nasema hivyo kwa sababu taa yangu ya kwanza niliitengeneza kwa ESP8266 (bodi ndogo yenye Wi-Fi) na relei moja (swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme mdogo), umeme ulikatika saa nane usiku ukarudi, taa ikajiwasha yenyewe na hakuna aliyefungua mdomo. Kumbe moduli nyingi za relei ni za kinyume, ukipeleka sifuri inashika ukipeleka moja inaachia, na mimi kwenye kodi niliitangaza pini (mguu wa bodi unaounganishwa na relei) kuwa ya kutoa ishara nikaishia hapo nikisubiri amri, basi pini ikakaa kwenye sifuri na taa ikawaka zake. Andika moja kwanza ndio uitangaze pini. Halafu pini zinazoitwa GPIO0, 2 na 15 zikwepe kwa relei, chipu inazisoma inapowaka, ukizivuta vibaya haiwaki kabisa.

Kingine ni umeme. Wi-Fi ikirusha data inavuta mamia ya miliampea kwa mpigo, koili ya relei nayo inataka yake, chaja ikiwa dhaifu bodi inajirestati na wewe unalaumu kodi. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya 470 µF karibu na bodi imeniokoa sana.

Sasa sauti. Kama una spika ya Alexa, bodi haihitaji kusikia chochote, unaweka laibrari (kodi iliyokwisha andikwa) kama fauxmoESP inayoifanya bodi ijifanye taa ya Philips Hue, spika inaikuta kwenye netiweki ya nyumbani (bodi inashika 2.4 GHz tu, kumbuka) na kazi ya kuelewa maneno inafanyika kwingine. Ukitaka maik yako mwenyewe hamia ESP32, bodi yenye nguvu zaidi, na maik ndogo ya INMP441 inayotuma sauti kwa I2S (njia ya kidijitali ya kupitisha sauti). Piga hesabu: sampuli 16,000 kwa sekunde, baiti 2 kila moja, hizo ni baiti 32,000 kila sekunde, na ESP32 ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya KB 520 ambayo Wi-Fi nayo inakula humohumo. Ndio maana bodi tunaiachia neno la kuiamsha tu, sentensi yenyewe inaenda kwenye seva (kompyuta nyingine yenye nguvu).

Swichi ya ukutani usiing'oe. Itoe kwenye umeme mkubwa, waya zake zipeleke kwenye pini ya kuingiza, Wi-Fi ikilala unabonyeza kama zamani.