Mladaiti si mshamba wa simu

Makala za teknolojia zinazoletwa kuhaririwa hazikosi neno hili. Mzee asiyetaka simu janja anaitwa Mladaiti, mwalimu anayekataza kompyuta darasani naye vivyo hivyo, hadi anayesahau nywila. Imetosha. Waladaiti walikuwa watu halisi, wafumaji soksi wa Nottinghamshire, Uingereza, walioanza kuvunja mashine Machi 1811.

Dhana: Waliogopa mashine wasizozijua

Hii inaudhi kuliko zote, kwa sababu ukweli ni kinyume kabisa. Mashine ya kufumia soksi ilibuniwa na William Lee mwaka 1589. Kufikia 1811 ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200. Waladaiti ndio waliokuwa mafundi wake. Waliikalia kutwa, wakiiendesha kwa mikono na miguu, na wengi waliikodi, kodi ikikatwa kwenye ujira wao.

Kilichowachoma ni namna ilivyotumiwa. Soksi nzuri ilifumwa kufuata umbo la mguu: fundi anaongeza vitanzi penye shavu la mguu, anavipunguza penye kifundo, na ukingo unajifunga wenyewe. Matajiri wakaona faida kwenye mashine pana: fuma kitambaa kipana, kata kwa mkasi, shona. Lakini ukikata kitambaa cha kufuma umekata vitanzi. Mshono ukilegea, kimoja kinaachia kingine na soksi inafumuka. Bidhaa mbovu ikachafua jina la mafundi, bei na ujira vikashuka. Juu ya hayo waliajiriwa vijana wasiomaliza miaka 7 ya uanagenzi, na wengine walilipwa bidhaa badala ya fedha. Ndiyo maana nyundo ilichagua: mashine za tajiri aliyepunja zilivunjwa, za aliyelipa bei ya zamani zikaachwa. Anayechukia mashine kwa kuwa ni mashine hachagui hivyo.

Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hali ilikuwa tofauti, na lazima isemwe. Huko Waladaiti walikuwa mafundi wa kunyoa manyoya ya juu ya vitambaa vya sufu. Walitumia mkasi wa karibu kilo 20, na waliipinga mashine ya kunyolea yenyewe kwa sababu ilichukua kazi yao yote. Lakini nao waliijua vizuri. Nyundo zao kubwa waliziita Enoch, kwa jina la mhunzi Enoch Taylor wa Marsden, aliyetengeneza pia mashine zilizovunjwa.

Dhana: Ned Ludd alikuwa kiongozi wao

Jina la Waladaiti limetokana na huyu Ludd, lakini hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwaongoza. Lilikuwa jina la kutia sahihi kwenye barua za vitisho, ili mwandishi asijulikane.

Dhana: Walishindwa kwa sababu maendeleo hayazuiliki

Walishindwa na askari na kitanzi cha kunyongea. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1799. Mwaka 1812 Bunge lilipitisha sheria ya kifo kwa mvunja mashine, ingawa mshairi Byron aliipinga waziwazi katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge hilo. Januari 1813, mjini York, walinyongwa watu 17.

Dhana: Asiyetumia teknolojia ni Mladaiti

Kiswahili kina maneno yake. Asiyejua kutumia simu ni mshamba wa simu. Aliyeanza jana ni mgeni. Anayehofia kuibiwa mtandaoni ana tahadhari, na kuna matapeli wa kutosha kumpa haki. "Mladaiti" mwachie anayeijua mashine na kukataa inavyotumiwa dhidi ya kazi yake. Na hata "mpinga teknolojia" ni kauli legevu: taja mashine, kisha taja kinachokataliwa.

Chukua Kericho, Kenya, Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto. Ukiandika "wapinga teknolojia" umeandika uongo, maana Kericho, kama kwingine Kenya, watu hutumiana fedha kwa simu kila siku. Andika: "waandamanaji wanaopinga mashine zinazowaondoa wachuma chai kazini."