Bayosensa: "bayo" iko kwenye kifaa, si kwenye sampuli

Siku hizi kila kipimo cha maji kinaitwa bayosensa, hata elektrodi ya pH iliyotumbukizwa mtoni. Hapana. Bayosensa ni kifaa ambacho kitambuzi chake kimetokana na kiumbe hai (kimeng'enya, kingamwili, kipokezi au seli nzima), nacho kimegusana na kigeuzi kinachotoa ishara ya umeme au mwanga.

Bios ni Kigiriki, uhai. Sentire ni Kilatini, kuhisi. Uhai ndio unaohisi, si unaohisiwa. Elektrodi ya glukosi ya Clark na Lyons, 1962, ni bayosensa kwa sababu ya kimeng'enya kilichotandazwa juu yake, si kwa sababu inapima damu. Vivyo hivyo, samaki dume wa mito ya Uingereza waliokutwa na mayai ndani ya korodani, chini ya mitambo ya majitaka, si bayosensa. Hao ni viashiria: wanaonyesha madhara yaliyokwisha kutokea.

Kisha kuna hamira iliyopandikizwa jeni ya kipokezi cha estrojeni (homoni ya kike) cha binadamu. Kemikali ikikamata kipokezi, hamira hutengeneza kimeng'enya, na rangi ya CPRG hugeuka kutoka njano kuwa nyekundu, kwa takribani siku tatu katika nyuzi 32. Ikiwa kwenye sahani ya vishimo, ukaongeza rangi na kuisoma kwa mashine nyingine, hilo kwa maana kali ni jaribio la kibayolojia. Ifunge pamoja na kigeuzi, ndipo uite bayosensa.

Linaloudhi zaidi ni kusoma wekundu kama "kuna BPA", yaani bisfenoli A, kemikali ya plastiki. Kipokezi hakijui majina, kinajua mshiko tu. BPA hushika kwa unyonge, zaidi ya mara 10,000 chini ya estradioli, estrojeni ya asili ya mwili. Ethinilestradioli ya vidonge vya uzazi wa mpango inatosha kugeuza rangi kwa nanogramu chache kwa lita. Na njano si usalama: sumu ikiua hamira, rangi haigeuki. Ndiyo maana husomwa mara mbili, rangi kwa nanomita 540 na ukungu wa seli kwa 620.

Basi kwenye ripoti, badala ya "BPA imegunduliwa", andika "shughuli ya kiestrojeni, sawa na nanogramu kadhaa za estradioli kwa lita", na majina uyaachie mashine ya kupima masi.