Ziliitwa gundi, na jina likatupoteza

Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliipa tishu ya ubongo iliyo katikati ya seli za neva jina la glia, neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kwake kazi ya tishu hiyo ilikuwa kushikilia seli za neva mahali pake. Jina likashika. Mimi mwenyewe nilifundishwa seli za neva wiki baada ya wiki, na glia tukazipitia mbiombio kama walinzi wa mlangoni.

Tatizo kubwa lilikuwa vifaa. Seli za neva hupelekeana habari kwa mishtuko ya umeme, na maabara zilikuwa na vifaa vya kunasa umeme huo. Ukipima glia kwa kifaa hichohicho, hupati mishtuko hiyo. Basi ikaaminika kwamba hazina habari ya kupeleka. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walijaribu njia nyingine: walitia ndani ya astrosaiti, glia zenye umbo la nyota, rangi inayong'aa kalsiamu inapoongezeka, kisha wakamiminia glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Mwanga ukapita kama wimbi kutoka seli moja hadi nyingine. Zilikuwa zinawasiliana muda wote, ila hatukuwa na macho ya kuona.

Hata idadi yake tuliikosea. Vitabu vingi viliandika kwamba glia ni mara kumi ya seli za neva, na kila kitabu kilinakili cha kabla yake. Suzana Herculano-Houzel wa Brazil aliutafuta utafiti uliothibitisha hesabu hiyo, asiupate. Akaamua kuhesabu. Kazi yenyewe ni ya jikoni: tishu ya ubongo husagwa ndani ya mrija wa kioo mpaka seli zipasuke na vibaki viini tu, vikielea kwenye maji kama supu. Ukikoroga vizuri, kila tone huwa na viini kwa uwiano uleule, na kwa kuwa seli ya ubongo ina kiini kimoja, ukihesabu viini umehesabu seli. Matokeo ya mwaka 2009, kutoka ubongo wa wanaume wanne, yalikuwa wastani wa seli za neva bilioni 86 na zisizo za neva, glia zikiwemo, bilioni 85. Mara kumi ikayeyuka. Nawaomba walimu wenzangu walirekebishe kosa hili darasani, maana bado linafundishwa.

Kundi lililonigusa zaidi ni mikroglia, seli za kinga za ubongo. Tulisema zimelala mpaka jeraha liziamshe. Mwaka 2005 watafiti walizitazama kwa hadubini ya leza ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Mwili wa seli ulitulia, lakini vijimkono vyake vilinyooka na kurudi bila kukoma, vikipapasa tishu ya jirani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kishipa cha damu kilipojeruhiwa, vijimkono vya karibu vilikielekea ndani ya dakika chache. Baadaye ikaonekana kwamba, ubongo unapokua, mikroglia humeza baadhi ya viungio vya seli za neva, kama mkulima anayepogolea mikahawa yake.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina uzito wa pekee. Virusi vya UKIMWI huingia kwenye ubongo, na mikroglia ni miongoni mwa seli vinazoziambukiza. Seli hizi huishi miaka, na dawa nyingi za ARV hupenya kwenye ubongo kwa shida kuliko kwenye damu. Mgonjwa anaweza kuwa na kipimo cha damu kisichoonyesha virusi kabisa, huku vingine vimejificha ndani ya seli tulizoziita gundi. Anayetafuta tiba ya kuvimaliza hawezi kuishia kwenye damu.