Kwa nini mchezaji anakubali mshahara upungue ili abaki

Hapa Lubumbashi, ukizungumzia mchezaji wa Ulaya aliyekubali kupunguziwa mshahara, utapata majibu mawili: anaipenda sana klabu yake, au miguu imechoka na hana pa kwenda. Yote mawili yana ukweli kiasi, ila hayagusi hesabu anayoifanya mchezaji mwenyewe na wakala wake.

Kupunguza mshahara ili kubaki ni makubaliano ya hiari. Mchezaji anasaini mkataba mpya wenye pesa kidogo kuliko wa zamani, na klabu inaendelea kumtumia. Kwa kanuni za FIFA mkataba wa mchezaji wa kulipwa kwa kawaida hauzidi miaka 5, na ndani ya muda huo viongozi hawawezi kukata pesa kwa uamuzi wao peke yao. Bila sahihi yake hakuna kinachopungua. Ndiyo maana ombi hili huja zaidi mkataba unapokaribia kwisha, au klabu inapozidiwa na madeni.

Tuseme mchezaji ana miaka 32, analipwa dola 100,000 kwa mwezi, na mkataba wake umebakiza mwaka mmoja. Mbele yake kuna dola 1,200,000, baada ya hapo hajui. Klabu inamwambia: chukua 60,000 kwa mwezi, lakini kwa miaka 3. Magazeti yataandika kwamba amepoteza karibu nusu ya mshahara, wakati yeye amejihakikishia dola 2,160,000. Akiumia goti mwakani, mkataba bado unamlinda. Kwa mtu ambaye kazi yake inaweza kwisha Jumapili moja mchana, miaka hiyo miwili ya ziada ina thamani kubwa sana.

Tena mshahara wake wa sasa ulipangwa alipokuwa kijana, bei yake ikiwa juu. Sokoni leo bei hiyo haipo. Kwa hiyo anapima ofa ya klabu yake dhidi ya ofa za wengine za leo, na kuzijua si vigumu: miezi 6 kabla ya mkataba kwisha anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine, na huko Ulaya, tangu hukumu ya kesi ya mchezaji Bosman ya mwaka 1995, mkataba ukiisha anaondoka bila klabu yake kudai ada. Anayekubali kupunguziwa mara nyingi ameshasikia wengine wanatoa nini.

Kuchelewa kuamua nako kuna gharama. Sergio Ramos alikaa Real Madrid miaka 16. Mwaka 2021 alipewa ofa ya mwaka mmoja yenye mshahara uliopungua, akavutana nao akitaka miaka miwili. Siku ya kuaga alieleza kwamba mwishowe aliikubali ofa ile, akaambiwa muda wake umepita. Akaenda Paris.

Kuna na yale yasiyoandikwa kwenye mkataba. Wazee wetu waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali hapa Kongo, watalielewa hili upesi: pesa ya mwisho wa mwezi ilikuwa sehemu moja tu, pembeni kulikuwa na nyumba ya kampuni, unga wa posho, hospitali na shule ya watoto, na aliyetaka kuhama alivihesabu vyote. Mchezaji naye ana kocha anayemwamini, ana namba kikosini, watoto wana shule na marafiki. Akistaafu, klabu inaweza kumpa kazi ya kufundisha vijana. Kwingine atapata pesa zaidi na huenda akakaa benchi, na mchezaji anayekaa benchi bei yake inashuka haraka.

Upande wa madeni, Barcelona ya mwaka 2021 ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Sheria za ligi ya Hispania zinaiwekea kila klabu kikomo cha matumizi ya kikosi, na Barcelona ilikuwa imekipita mbali. Messi alisema alikubali kukatwa asilimia 50, na bado haikutosha kumsajili upya. Siku chache baadaye beki wa klabu hiyo Gerard Piqué alipunguza mshahara wake, klabu ikaweza kuwasajili wachezaji wapya Memphis Depay na Eric García. Kesho yake Piqué akafunga bao la kwanza dhidi ya Real Sociedad. Mimi kitendo kile nakiheshimu sana, maana yeye mkataba wake ulikuwa hai na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Lakini anayekataa nisingemwita msaliti, kama wengi wanavyofanya. Deni lile hakulikopa yeye.

Mashabiki pia huchanganya kupunguza na kuahirisha. Mchezaji anaweza kukubali kulipwa kidogo mwaka huu, kiasi kilichobaki kikasogezwa miaka ya mbele. Hapo hajasamehe kitu: klabu inadaiwa bado, na siku ya kulipa ikifika mzigo unarudi pale pale.

Kwa vijana wetu wanaosaini mikataba Katanga na kwingineko nchini, tofauti hii ni ya kushika vizuri, kwa sababu wengi hukutana na mshahara usiofika kuliko uliopunguzwa. Pesa iliyochelewa ni deni, hata kiongozi akiomba uvumilivu kwa upole. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili iliyofikia tarehe yake, mchezaji anaweza kuiandikia notisi na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa yote. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Na kama ameamua kweli kuisaidia klabu, basi kiasi anachosamehe, miezi inayohusika na tarehe ya mshahara kurudi pale ulipokuwa viandikwe vyote, visainiwe na pande mbili, na nakala moja abaki nayo yeye.