Si Kisonono, Si Klamidia: Bakteria Ambaye Wanaume Wengi Hawajamsikia

Mwanaume akichomwa na mkojo, au akiona ute ukimtoka uumeni, jina la kwanza linalomjia ni kisonono. Anayefuatilia habari za afya ataongeza klamidia. Mycoplasma genitalium, au maikoplazima kwa ufupi, bakteria anayeambukizwa kwa ngono, hatajwi kabisa.

Si mgeni. Alipatikana London mwaka 1980, katika sampuli za wanaume wawili waliokuwa na uvimbe wa njia ya mkojo usiotokana na kisonono. Tatizo ni kwamba kumwotesha maabara huchukua wiki, hata miezi, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuhesabika. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 ndivyo vilivyomtoa mafichoni.

Je, ni wanaume wangapi wanaye? Inategemea unamhesabu nani. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2010 hadi 2012, uliopima watu wa kawaida majumbani wala si wagonjwa, ulimkuta kwa asilimia 1.2 ya wanaume wa miaka 16 hadi 44. Kisonono katika uchunguzi huohuo hakikufika hata asilimia 0.1. Jambo lililonishangaza ni umri: vijana wa kiume wa miaka 16 hadi 19 hawakukutwa naye hata mmoja, ila kati ya miaka 25 na 34 kiwango kilipanda hadi asilimia 2.1. Sisi tumezoea kuwaonya vijana wadogo tu.

Ukihamia kliniki, hesabu inabadilika. Kwa wanaume wenye uvimbe wa njia ya mkojo usio wa kisonono, yeye ndiye chanzo kwa asilimia 15 hadi 20. Kwa wale ambao dalili zimegoma kuisha au zinarudi baada ya dawa, hufika karibu asilimia 40.

Ugumu wake unatokana na umbile. Hana ukuta wa seli, na penisilini na jamii yake hushambulia ukuta huo. Kwake hazina pa kushika. Dawa ya azithromaisini ilifanya kazi vizuri zamani, lakini sasa usugu, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, umeenea mno, na dozi moja ya gramu 1, iliyotolewa miaka mingi kwa klamidia, imechangia. Ndiyo maana miongozo ya sasa huanza na doksisaiklini kwa siku 7 ili kupunguza wingi wa vijidudu, ndipo ifuate dawa ya pili kulingana na usugu. Kujinunulia vidonge dukani ni kumfundisha bakteria huyu kukwepa dawa.

Je, kila mwanaume akapimwe? Hapana. Katika uchunguzi ule wa Uingereza, zaidi ya 9 kati ya 10 ya wanaume waliokutwa naye hawakutaja dalili yoyote, na kuwatibu wote kungeongeza usugu kuliko afya. Kipimo ni cha mwenye dalili, hasa aliyekwisha kutibiwa akabaki vilevile: hutoa mkojo wa mwanzo, ule unaotangulia, si wa katikati. Amweleze daktari dawa alizokwisha kumeza. Na mwenzi wake naye apimwe, kwani asipotibiwa wataambukizana upya.