Kurejesha mipangilio ya awali ya huduma ya saa kwenye Windows: yanayosemwa na ukweli wake

"Ukirejesha mipangilio ya awali, saa inakaa sawa." Hapa ndipo wengi wanapokwama. Huduma ya saa (w32time) ndiyo inayolinganisha saa ya kompyuta na ya seva. Ukishaisimamisha kwa net stop w32time, amri ya w32tm /unregister huiondoa pamoja na mipangilio yake, na w32tm /register huirudisha na mipangilio mipya ya awali. Saa yenyewe haijaguswa, na huduma bado imelala. Iamshe kwa net start w32time, kisha w32tm /resync ndiyo itakayokwenda kuuliza saa. Kwa kompyuta ya nyumbani, anayeulizwa ni seva ya time.windows.com. (Amri zote hizi ziandike kwenye Command Prompt ukiwa msimamizi, la sivyo utazuiwa mlangoni.)

Hata hapo unaweza kukataliwa. Kompyuta isiyo chini ya mtandao wa ofisi kwa kawaida hairekebishi tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani muda wa saa 15. Mashine iliyoamka ikidhani bado ni mwaka 2015 itakujibu kuwa badiliko linalotakiwa ni kubwa mno. Nimeona watu wakirudia amri zilezile mara tano, kana kwamba mashine itachoka ikubali. Weka tarehe na saa kwa mkono, zikaribie ukweli, kisha uiachie huduma imalizie sekunde.

"Saa inarudi nyuma kila nikizima, basi huduma imeharibika." Mara nyingi huduma haina kosa. Kompyuta ikichomolewa umeme, inayohesabu ni saa iliyo kwenye ubao mama, ikitegemea betri bapa kama sarafu. Kwenye kompyuta za mezani aghalabu ni CR2032. Ibadilishe.

Na ikipishana kwa saa 3 kamili, dakika zikiwa sahihi? Tazama kanda ya saa. Seva hutoa UTC tu, yaani saa ya msingi ya dunia. Kujumlisha saa za kanda yako ni kazi ya kompyuta yako.

"Amri hizi hazina madhara popote." Kazini, ziache. Kompyuta iliyounganishwa na Active Directory, mfumo wa ofisi wa kusimamia kompyuta na watumiaji, huchukua saa kwa seva za ofisi, na tofauti ikipita dakika 5 Kerberos, njia ya kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida hukataa kukutambua. Mwite msimamizi kabla hujafuta alichopanga.

Ukiambiwa hakuna data ya saa iliyopatikana, usisajili huduma upya. Angalia kwanza kama ukuta wa moto (firewall) umeziba UDP 123, mlango wa mtandao ambao huduma hupitia kuuliza saa.