Je, Wajua Kwa Nini Wasiokula Nyama Mara Nyingi Huwa Wembamba?

Katika utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza, uliotoa takwimu zake mwaka 2003 baada ya kulinganisha watu 37,875, makundi yalijipanga kwa utaratibu unaokaribia kutia shaka. Wala nyama walikuwa na wastani wa juu zaidi wa BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, na wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama walikuwa na wastani wa chini zaidi. Kwa wanaume, wastani huo ulikuwa takribani 24.4 kwa kundi la kwanza na 22.5 kwa la pili, huku walaji samaki na walaji mboga wanaotumia maziwa na mayai wakiangukia katikati. Mwaka 2009, utafiti mwingine uliofanywa kwa zaidi ya Waadventista Wasabato 60,000 wa Marekani na Kanada ulionyesha mteremko huohuo ukiwa mkali zaidi: kutoka 28.8 kwa wala nyama hadi 23.6 kwa wasiotumia kabisa mazao ya wanyama.

Mtu akisoma namba hizo hukimbilia kusema kwamba nyama hunenepesha na mboga hukondesha. Maelezo hayo ni mepesi kueleweka, ila hayasimami. Sukari haina nyama, mafuta ya alizeti hayana nyama, soda na chipsi navyo havina, na mtu anaweza kuishi kwa vyakula hivyo vinne akajiita mlaji mboga bila kudanganya hata kidogo. Gramu 100 za kidari cha kuku kisicho na ngozi, kilichopikwa bila mafuta, zina takribani kalori 165. Gramu 100 za sukari zinakaribia 400, na uzito huohuo wa mafuta ya kupikia, ya mmea wowote ule, hukaribia 900. Isitoshe, nyama ina protini nyingi, na protini ndiyo inayougharimu mwili zaidi kuichakata: kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake hutumika katika kazi hiyo, ilhali kwa wanga ni kama asilimia 5 hadi 10. Protini pia hushibisha. Kama suala lingekuwa nyama yenyewe, tungetarajia minofu isiyo na mafuta imsaidie anayetaka kupungua, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Yupo pia shahidi ambaye watetezi wa dhana hiyo huwa hawamwiti: ng'ombe. Hali nyama, na hakuna anayemwita mwembamba. Tofauti yake na sisi ni kwamba tumboni mwake wamo vijidudu wanaovunja nyuzinyuzi za majani na kuzigeuza kuwa asidi za mafuta anazotumia kama nishati. Binadamu naye anao vijidudu wa namna hiyo katika utumbo mpana, lakini gramu moja ya nyuzinyuzi humpatia takribani kalori 2 tu, nusu ya anachopata kutoka gramu moja ya wanga wa kawaida. Jani halikondeshi kwa asili yake. Inategemea ni tumbo la nani limelipokea.

Jibu lenye ushahidi mzito zaidi liko katika kipimo kisichovutia hata kidogo: kalori zilizomo katika kila gramu ya chakula. Mfikirie bawabu aliyewekwa langoni kukadiria mizigo inayoingia, lakini haruhusiwi kuifungua, kwa hiyo anaandika ukubwa wake tu. Gunia la pamba likipita, anaandika kwamba mengi yameingia. Kisanduku cha dhahabu kikipita, anaandika kwamba ni kidogo, ingawa ndicho chenye thamani. Tumbo hufanya kazi kwa namna hiyo. Ukuta wake una vipokezi vinavyohisi kutanuka na kupeleka habari kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi, na kutanuka huko hakusemi kama kilichoingia ni tango au siagi. Wapo makarani wa ndani wanaofungua mizigo baadaye, yaani homoni zinazotolewa utumbo unapotambua mafuta na protini, lakini taarifa zao huchelewa, na mlaji wa haraka huwa amekwisha kumaliza sahani.

Pamba katika mfano huu ni maji na nyuzinyuzi. Kiazi kilichochemshwa kina takribani kalori 90 kwa gramu 100. Kikikatwa na kukaangwa, maji hutoka, mafuta huingia, na uzito huohuo hubeba takribani kalori 300. Maji yenyewe yana kioja chake: mwaka 1999 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walionyesha kwamba maji yaliyopikwa ndani ya chakula yakawa supu yalipunguza ulaji wa mlo uliofuata, wakati kiasi kilekile cha maji kilichonywewa pembeni ya chakula hichohicho hakikufanya hivyo.

Jaribio lililotazama mlo mzima lilichapishwa mwaka 2021 na Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Watu 20 walilazwa wodini, wakala mlo wa mimea wenye mafuta kidogo kwa wiki mbili na mlo wa wanyama wenye mafuta mengi kwa wiki mbili, wakiwa huru kula hadi watosheke. Katika mlo wa mimea, wenye takribani kalori 1 kwa gramu dhidi ya 2 za ule mwingine, walikula wastani wa kalori 689 pungufu kwa siku, na hawakuripoti njaa zaidi. Hata hivyo, milo hiyo ilitofautiana kwa mengi, kiasi cha mafuta na cha wanga kikiwamo, kwa hiyo hatuwezi kuipa sifa yote sababu moja. Aidha, wiki mbili ni muda mfupi, na uzito ulipungua katika milo yote miwili.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu zile takwimu za maelfu. Walaji mboga wa nchi za Magharibi kwa kawaida huvuta sigara kidogo, hunywa pombe kidogo na hufanya mazoezi zaidi, na watafiti hujitahidi kuyaondoa hayo kwa hesabu bila uhakika wa kuyamaliza. Mwaka 2006, kundi la EPIC-Oxford lilipofuatiliwa kwa takribani miaka mitano, ilionekana kwamba watu wa milo yote walikuwa wakinenepa, wastani ukiwa kama gramu 400 kwa mwaka, na tofauti kati ya makundi zilikuwa ndogo. Walioongezeka kidogo zaidi ni wale waliokuwa wakipunguza vyakula vya wanyama katika kipindi hichohicho.

Hata kalori zinazoandikwa kwenye pakiti hazifai kuaminiwa sawasawa kwa kila mmea. Namba hizo bado hutegemea vizidishio vya mkemia Wilbur Atwater wa karne ya 19: 4 kwa gramu ya wanga au protini, 9 kwa gramu ya mafuta. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima kile ambacho mwili hupata kwa kweli kutoka kwenye lozi nzima, wakakuta vizidishio hivyo vilikuwa vimezidisha kwa asilimia 32. Mafuta ya lozi yamefungiwa ndani ya kuta za seli, na seli ambazo meno hayakuzipasua hupita hadi chooni zikiwa na mafuta yake. Jaribio la mwaka 2016 likathibitisha hilo kwa upande wa pili: lozi zilipochomwa au kukatwakatwa, nishati iliyopatikana iliongezeka, na ziliposagwa zikawa siagi, hesabu ya Atwater ilikuwa sahihi.